Rupia Arobaini za Mzee Nanji

Mimi ni mtu ambaye hajui kutulia. Marehemu mume wangu, Rasik, alikuwa akinitania kwamba hata nikiketi kunywa chai, dole gumba la mguu wangu linaendelea na safari. Sikatai. Nimekaa Matsangoni miaka thelathini na moja nyuma ya kaunta ya duka ambalo sikulichagua, nikipima sukari na maharagwe, na muda wote huo nilikuwa na hamu moja tu, kuondoka. Rasik alipofariki nilingoja mwaka mmoja kwa heshima yake, kisha nikatangaza kwamba duka linauzwa pamoja na kiwanja chake. Sikumwomba mtu ushauri.

Mnunuzi alipatikana upesi. Thuku ni mtu wa bara anayeuza mabati na misumari mjini Kilifi. Alikuja akapima kiwanja kwa hatua zake mwenyewe, mbele na nyuma, tukakubaliana bei bila kelele. Mimi nikakimbilia Malindi siku hiyohiyo nikalipa arubuni ya nyumba ya ghorofani karibu na dada yangu, nyumba yenye upepo na isiyo na kaunta hata moja. Lakini Thuku alikuwa na sharti. Alitaka jirani wetu wa nyuma, Mwaringa, atie saini mbele ya chifu kwamba ukoo wake hauna dai lolote katika kiwanja kile.

"Mama, mimi nilishaumizwa mara moja kule Junju," akaniambia. "Nililipa, halafu watu wakatokea na maneno ya babu zao. Mimi sitaki kesi. Hiyo karatasi ikiwa na saini, nakulipa siku hiyohiyo. Ikifika Ijumaa ya wiki ijayo kama haijapatikana, natafuta kwingine."

Nilicheka. Mwaringa! Shamba lake liko mgongoni mwa duka letu. Mkewe hununua kwetu, watoto wake walikuwa wakicheza na binti yangu Yesha, na mama mkwe wangu, Induben, ambaye ana miaka themanini na sita, humwita Mwaringa "mwanangu" tangu akiwa mdogo. Nilijua atatia saini hata bila kukaa.

Kesho yake asubuhi akaja dukani, na mkononi alikuwa na kopo la zamani lililofungwa kwa kitambaa.

"Hujambo, Mama Yesha."

"Sijambo, Baba Linet. Nimefurahi umekuja. Ile karatasi niliyokuambia—"

"Karatasi nitaitia saini," akasema. "Lakini kwanza kuna kitu nataka ukione."

Akafungua kitambaa, akamimina vilivyomo juu ya kaunta. Nimeshika sarafu maisha yangu yote, lakini mlio ule sikuwahi kuusikia dukani mwangu. Zilikuwa za fedha, pana, nzito, zimeingia weusi. Nyingine zilikuwa na kichwa cha malkia, nyingine za mfalme mwenye upara na ndevu, na nyingine za mfalme mwenye taji. Rupia.

"Zipo thelathini na nane," Mwaringa akasema. "Zilikuwa arobaini. Mbili bibi yangu alizitoboa akavaa shingoni, akazikwa nazo. Hii ndiyo bei ya kiwanja hiki. Babu yangu Dena alimwuzia mzee wenu Nanji, akalipwa rupia arobaini. Wiki ileile akazipeleka kulipa kodi ya kibanda. Karani akazisukuma nyuma kwa kalamu. Akamwambia rupia zimekufa, serikali haizitaki tena."

Mzee Nanji ni babu yake Rasik, aliyefungua duka hili. Picha yake ilikuwa ukutani juu ya kichwa changu, na kofia yake nyeusi. Nilihisi joto likinipanda masikioni, kwa sababu nikikasirika huanzia hapo.

"Baba Linet, miaka mia imepita. Leo ndiyo unadai?"

"Sidai," akasema kwa upole, na upole wake ulizidi kuniudhi. "Babu alirudi hapa siku ileile. Mzee Nanji alishika kichwa. Akamwonyesha mfuko wake mwenyewe umejaa rupia, akaapa hakujua kitu, akamwambia serikali imetula sote wawili. Basi babu akanyamaza. Utamdai vipi mtu aliyeungua pamoja nawe? Na sisi tukanyamaza. Lakini sasa kiwanja kinakwenda kwa mtu mgeni, na mimi nataka kutia saini moyo wangu ukiwa mweupe. Niambie kitu kimoja tu. Hizi ni pesa au si pesa? Kama ni pesa, babu alilipwa, na maneno yamekwisha."

"Na kama si pesa?"

"Hapo tutakaa tuzungumze."

Kuzungumza! Mimi nilikuwa na siku nane. Kukaa na kuzungumza Matsangoni kunaanza na wajomba, kunaendelea na wazee wa ukoo, na kabla hakujafika mwisho wake mvua mbili zimeshanyesha. Nikamwambia nitazipeleka Malindi kwa mtu anayejua vitu vya kale, anipe bei. Akachagua tatu, moja ya kila kichwa, akanikabidhi bila hata kuniomba niandike.

"Nakuamini," akasema.

Shoeb ana duka dogo Malindi, anawauzia Wataliano makufuli ya shaba, saa za mfukoni na sahani za zamani. Tumejuana tangu ujana. Alizipokea rupia zile kwa vidole viwili, akaipiga moja juu ya kioo cha meza, akainamisha sikio mpaka mlio ulipokwisha.

"Fedha tupu," akasema. "Umezitoa wapi?"

"Wewe niambie bei."

Lakini Shoeb hawezi kukupa bei kabla hajakupa darasa. Akaniketisha, nami nikaketi upande, mkoba mapajani, huku yeye akieleza kwamba pwani hii yote ilikuwa ya rupia. Kampuni ya Waingereza, kabla ya serikali yenyewe kuja, ilijaribu kupiga rupia zake zenye picha ya mizani, lakini hazikutosha, zikatumika hizi za Bara Hindi. Kisha vita ile ya kwanza ikaisha na bei ya fedha ikapanda, rupia ikapanda nayo, na walowezi waliokopa benki wakalia kwamba wanaumia. Ikaletwa florini. Florini haikudumu hata miaka miwili, ikaja shilingi, na aliyekuwa na rupia chini ya kitanda akaachwa kwenye mataa.

"Wenye mawasiliano na Mombasa walijua mapema," Shoeb akasema. "Wa mashambani walisikia mwisho. Tajiri gani atakutumia barua wewe mkulima?"

"Bei, Shoeb."

"Elfu mbili na nusu kila moja. Hata zote thelathini na nane nachukua."

Nilifanya hesabu kabla hajafunga mdomo. Karibu elfu mia moja! Si bei ya kiwanja, hata mtoto anajua, lakini ni pesa, na Mwaringa hakuuliza kama zinatosha, aliuliza kama ni pesa. Nikampigia simu palepale, nimesimama mlangoni. Akasema, "Alhamdulillahi," ingawa yeye ni Mkristo. Pwani neno hilo ni la kila mtu. "Basi babu alilipwa. Alhamisi nitakuwa kwa chifu saa tatu."

Nilirudi ndani nikitabasamu. Shoeb alikuwa amewasha taa, ameinamia rupia ya malkia na kioo chake cha kukuzia.

"Hizi zina uchafu mwekundu," akasema. "Umeganda kwenye herufi. Si kutu, fedha haina kutu. Ni rangi ya mlango hii? Niachie nizioshe, zitapendeza."

"Hebu nione."

Nikachukua kioo. Kuzunguka shingo ya malkia, ndani ya kila herufi, kulikuwa na wekundu mkavu. Na juu ya paji la uso wake, mahali ambapo kidole cha mtu kingebonyeza, kulikuwa na duara lililofifia. Nikaichukua ya upara. Duara. Nikaichukua ya taji. Duara.

Wekundu ule naujua. Kila mwaka ikikaribia Diwali, mimi mwenyewe huketi na mswaki wa zamani nikiusugua kwenye sarafu za fedha za nyumbani, na hautoki, kwa sababu umechanganywa na samli. Ni kunku, unga mwekundu wa ibada zetu. Tunaziosha sarafu kwa maziwa, tunazitia doa la kunku moja moja kwa kidole, tunaziweka kwenye sinia mbele ya Lakshmi, mungu wetu wa mali. Na sarafu iliyotiwa kunku haitoki nyumbani. Hilo nilifundishwa wiki yangu ya kwanza ya ndoa, kabla sijafundishwa kufungua mlango wa duka. Mzee Nanji hangeweza kulipia hata mkungu wa ndizi kwa sarafu ya namna hiyo, seuze kiwanja.

"Usizioshe," nikamwambia Shoeb, nikazifunga kwenye leso yangu.

Nilirudi Matsangoni nikijibishana na nafsi yangu njia nzima. Labda zilichanganyika, nikajiambia. Labda mzee alikuwa na haraka. Labda shida haikuwa yangu kabisa, mimi niliolewa tu humu. Hata gari sikulifunga mlango vizuri nilipofika. Induben alikuwa barazani akichambua mchele, nikaziweka rupia tatu ndani ya ungo wake.

"Ba, tazama."

Ba ndivyo tunavyomwita mama kwetu. Alivaa miwani, akazitazama kwa muda mrefu, akaigusa moja palepale kwenye doa. Hakushtuka. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

"Mwaringa bado anazo?" akauliza.

"Kumbe ulijua zipo?"

"Mama mkwe wangu aliniambia, mwaka wa tatu wa ndoa yangu. Alikuwa mgonjwa, hakutaka kufa nalo." Aliendelea kuchambua mchele akizungumza, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Barua ilikuja kutoka Mombasa, kwa ndugu wa mzee. Ilisema rupia inakufa. Hapa Matsangoni hakuna aliyejua bado. Mama mkwe akaona rupia zilizobaki nyumbani si za biashara tena, akaziosha kwa maziwa, akazitia kunku, akaziweka kwa Lakshmi zikae. Siku ya tatu mzee akaja na sinia tupu. Akamwambia, nimezipatia kazi. Alipojua ni kazi gani, mama mkwe hakusema naye mpaka mwezi ukaisha."

"Na ule mfuko aliomwonyesha Dena? Uliojaa?"

"Zilikuwa chache tu juu. Chini kulikuwa na misumari."

Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. "Kwa nini hukusema, Ba? Miaka yote hii? Rasik alijua?"

"Rasik hakujua. Mimi nilipewa kulinda, sikupewa kusema." Akanitazama juu ya miwani. "Na wewe, je? Una mnunuzi. Una nyumba Malindi. Mwaringa ameridhika. Mtu akiridhika, unamwamsha kwa nini?"

Siku tatu zilizofuata nilipanga makasha, nikapangua, nikapanga tena. Nilimfokea mteja aliyetaka kiberiti. Nilimwambia dada yangu kwenye simu kwamba kila kitu ni sawa, akaniuliza mbona napiga kelele. Nikimwona Mwaringa akipita na jembe lake nageuka kutazama rafu. Moyo wangu ulikuwa umenigawanyika, lakini sitadanganya: kila jioni sehemu kubwa ya moyo huo ilisema nyamaza, Shital, zimebaki siku mbili, imebaki siku moja.

Alhamisi saa tatu tulikuwa wote ofisini kwa chifu. Thuku alivaa koti. Mwaringa alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na mistari, na kopo lake lilikuwa chini ya kiti. Chifu alisoma karatasi kwa sauti, akamgeukia.

"Mzee Mwaringa, unalo neno kabla ya kutia saini?"

Nilimwomba Mungu asiwe nalo. Lakini alisimama.

"Ninalo dogo. Bwana Thuku, wewe ni mgeni kwetu, nataka ujue unanunua mahali pa namna gani. Babu yangu na babu wa nyumba hii walipata hasara moja siku moja, na hawakugombana. Mzee Nanji alikuwa mtu wa haki. Alishika kichwa akalia pamoja na babu yangu. Kama angekuwa mtu mwingine, leo sisi tungekuwa mahakamani. Namshukuru marehemu." Akaichukua kalamu.

"Alijua," nikasema.

Wote wakanitazama. Masikio yangu yalikuwa yanawaka. Nilikuwa na hasira, na sijui hadi leo nilimkasirikia nani zaidi, Nanji kwa misumari yake au Mwaringa kwa shukrani zake.

"Alijua zimekufa, Baba Linet. Alipata barua. Ule wekundu ulio kwenye rupia zako si uchafu, ni kunku. Sisi tunaitia kwenye pesa ambayo haitatoka tena nyumbani. Zilikuwa zimeshatiwa alipokulipa... alipomlipa babu yako. Na kilio kile kilikuwa cha uongo."

Thuku alikuwa wa kwanza kusogea. Alikusanya karatasi zake taratibu, akaziweka kwenye bahasha. "Mama, si nilikuambia?" akasema, na akatoka. Nilisikia gari lake likiwaka. Nyumba yangu ya Malindi ikaondoka nalo, pamoja na arubuni yangu.

Mwaringa alikuwa bado ameshika kalamu. Aliiweka mezani sambamba na ukingo, kama vile ni kitu kinachoweza kuvunjika.

"Mimi nilijua rupia zilikufa," akasema. "Sote tulijua. Sikujua kwamba yeye alijua." Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Ba."

"Mama Indu?"

Aliondoka ofisini akaacha kopo chini ya kiti. Nililiokota nikamfuata, nusu nikikimbia. Alikuwa akitembea kwa haraka ambayo sijawahi kumwona nayo, akakata kupitia nyuma ya kanisa, akaingia uani kwetu. Alivua ndara zake mlangoni, kama anavyofanya siku zote. Induben alikuwa kwenye kiti chake.

"Shikamoo, Mama Indu."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Hakuketi. "Nina swali moja tu, kisha naenda. Babu yangu alipotoka dukani amedanganywa, mzee Nanji alicheka?"

Induben alinitazama mimi. Nilijua ananiuliza nimefanya nini, na nilijua pia kwamba angeweza kusema sijui, mtu wa miaka themanini na sita ana haki ya kutojua. Nilitaka aseme hivyo. Naam, mimi niliyesema ukweli kwa chifu nilitamani mama mkwe wangu adanganye.

"Alicheka," akasema. "Mama mkwe aliniambia. Alicheka mpaka akaomba maji."

Mwaringa alitikisa kichwa mara nyingi, polepole. Alishika fremu ya mlango.

"Babu alimhurumia," akasema. "Alituambia yule mzee ana watoto wadogo na amepoteza mfuko mzima, sisi angalau tuna shamba. Akawa kila akivuna anampelekea kikapu cha mahindi, asife njaa. Alipokufa, baba akaendelea. Baba alipokufa alinishika mkono, akaniambia usiache. Sikuwahi kuacha, Mama Indu. Hata mwaka mmoja."

Induben alifunika mdomo kwa ncha ya sari yake. Mwaringa alivaa ndara zake, akaondoka bila kuaga, na mimi nikabaki katikati ya ua nimeshika kopo lake.

Mahindi yale nimeyala miaka thelathini na moja. Nilidhani ni ujirani tu. Ya mwaka huu yaliletwa mwezi wa nane na binti yake Linet, kikapu kizima, mabichi, na mimi nilikuwa na haraka zangu za kuuza duka. Sikumwambia hata ahsante. Niliyapokea nikamwambia mwaka huu ni madogo.